Kamera ndogo ya kusindikiza DSLR: Sony, Canon au Ricoh?

Mwenye DSLR, yaani ile kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, anapotafuta kamera ya mfukoni hanunui mbadala. Harusi, mpira na chochote kinachotaka lenzi ndefu vitabaki kuwa kazi ya ile kubwa. Anayoitafuta ni ya kushika pale kubwa inapobaki nyumbani: ndani ya daladala ya Mbagala, soko la samaki Feri alfajiri, au msikitini wakati wa nikahi, ambako mlio wa kioo cha DSLR unageuza vichwa vya watu. Kwa hiyo megapikseli zisikusumbue. Angalia sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha), mwanga unaoingia kwenye lenzi, na kama utaona unachopiga kwenye jua la saa saba Kariakoo.

Kamera zenye sensa ndogo kama ya simu ziache dukani. Simu nzuri inafanya kazi hiyohiyo. Anzia sensa inayoitwa ya inchi 1, ambayo kwa vipimo ni mm 13.2 kwa 8.8. Kwa mtu wa DSLR, tatu ndizo za kuzungumzia: Sony RX100 III (2014), Canon G7 X Mark II (2016) na Ricoh GR III (2019). Hii ya mwisho ina sensa ya APS-C, saizi ileile ya DSLR nyingi za mjini.

Wengi huidharau sensa ya inchi 1 bila kupiga hesabu. Sensa ya APS-C ya Canon ina eneo karibu mara tatu yake, sawa na faida ya stopu moja na nusu hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili). Lakini ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na boksi inaishia f/3.5 ikiwa pana na f/5.6 ukiivuta, wakati RX100 III inafunguka f/1.8 na f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Hizo ni stopu mbili. DSLR ikilazimika kupanda ISO 3200 (ISO ni usikivu wa sensa kwa mwanga; ikipanda, picha inachafuka), Sony inapiga kwa 800, kasi ya shata ileile, na picha mbili hizo zikiwekwa pamoja hazipishani sana. Funga lenzi ya 50mm f/1.8 kwenye DSLR ndipo kamera ndogo inapoacha kufurukuta.

Sony ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, na sababu kubwa ni dirisha la kuchungulia linaloibuka juu ya kamera. Canon na Ricoh hazina, na mchana wa Dar skrini inageuka kioo cha kujitazamia. Ukishaliibua, livute kwa nyuma kidogo. Usipolivuta utaona ukungu na kudhani ni bovu. Ukilirudisha chini kamera nzima inazimika, jambo la kuudhi. Pia ina chujio la ND, linalopunguza mwanga, la stopu tatu ndani yake. Jua kali, ISO 125, f/1.8, unahitaji shata ya sekunde 1/10000 hivi. RX100 III inaishia 1/2000. Washa ND, unashuka hadi 1/1250 na uso unapata mwanga sahihi. Ubaya wake: mwili unateleza, skrini haiguswi, na hakuna sehemu ya kuchomeka flashi juu.

Canon inavuta hadi 100mm, Sony inaishia 70. Skrini inaguswa, na mwenye DSLR ya Canon ataizoea menyu siku hiyohiyo. Kwenye mwanga hafifu wa ukumbi, fokasi yake huhangaika kabla ya kushika. Betri inakadiriwa picha 265 kwa chaji moja, Sony 320.

Ricoh ni ya mtu wa mitaani. Gramu 257, lenzi moja ya 28mm isiyo na zumu, f/2.8. Weka f/8, fokasi iliyofungwa kwenye mita 2.5, na kila kitu kuanzia mita 1.2 hivi hadi mwisho wa mtaa kinatoka safi bila kusubiri fokasi. Kwa ubora wa picha inazishinda zile mbili kwa mbali. Haina flashi yake, betri ni picha 200 tu, na ugonjwa wa familia ya GR unajulikana: vumbi.

Vumbi ndilo la kukagua kwanza kwenye mtumba. Lenzi inayotoka na kurudi hunyonya hewa kila mara, na tofauti na DSLR, huwezi kuifungua lenzi ukapuliza sensa. Ni lazima fundi abomoe kamera. Piga anga jeupe kwa f/11 (Ricoh f/16), kuza picha, tafuta madoa ya kijivu. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Washa na kuzima mara kumi ukisikiliza mkwaruzo wa mchanga. Kamera iliyowahi kuzurura Coco Beach hujitaja yenyewe. Kwa Sony, fungua menyu ya lugha, kwa sababu zilizouzwa Japani zina Kijapani peke yake. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iandikwe ile namba ya kipekee iliyo chini ya kamera.

Hakuna hata moja kati ya tatu hizi iliyozibwa dhidi ya maji. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa dakika 20 au 30 ili unyevu usigande kwenye kioo. Nyumbani ikae kwenye kopo lenye kifuniko na vipakiti vya silika; mkoba wa ngozi unatunza unyevu.

Ukitumia DSLR na kamera ndogo kwenye shughuli moja, linganisha saa zake hadi dakika kabla ya kuanza, la sivyo picha za keki zitaangukia katikati ya zile za kuingia ukumbini. Na piga RAW (faili ghafi la sensa) kote kuwili, kwa sababu rangi ya ngozi ya Sony na ya Canon chini ya taa za bluu za ukumbi hazifanani hata kidogo, na JPEG haikupi nafasi ya kuzirekebisha.