Uzoefu wangu: vyungu vya sura na wanyama wa Wamoche katika Museo Larco, Lima

Yeyote anayefika Peru ningemshauri ayatengee makumbusho ya Museo Larco, yaliyoko Pueblo Libre jijini Lima, nusu siku nzima, hata kama hajawahi kuvutiwa na kazi ya mfinyanzi. Yalianzishwa mwaka 1926 na Rafael Larco Hoyle, na sasa yamo katika jumba la enzi ya utawala wa Wahispania. Mimi nilifuata vyungu vya Wamoche, watu walioishi kwenye mabonde ya pwani ya kaskazini ya nchi hiyo takriban kati ya mwaka 100 na 800, ambao hawakuacha maandishi.

Vyungu vya sura ndivyo vinavyomsimamisha mgeni kwanza. Nilisimama muda mrefu mbele ya kimoja chenye uso wa mwanamume mtu mzima: mashavu yameshuka kidogo, midomo imefumbwa, rangi ni ya udongo mwekundu na malai, na nyuma ya kichwa inapanda mirija miwili inayokutana juu na kuwa mdomo mmoja wa kumiminia. Vilitengenezwa kwa kalibu ya vipande viwili, lakini mfinyanzi aliweza kubadilisha kilemba, hereni na michoro ya usoni, kwa hiyo nyuso zilizotoka katika kalibu moja si lazima zifanane. Mtafiti Christopher Donnan alimtambua mtu mmoja mwenye kovu juu ya mdomo, ambaye alifinyangwa tangu utotoni hadi utu uzima. Wanawake karibu hawamo kabisa katika nyuso hizi.

Baadhi ya vilemba hivyo vina ndege au mnyama wa jamii ya paka, na hapo ndipo hamu yangu ilipohamia kwa wanyama. Maelezo ya makumbusho yanawagawa katika tabaka tatu: ndege ni wa anga, paka wakubwa ni wa dunia hii, na nyoka ni wa chini ya ardhi. Mgawanyo huo unafaa kwa kuanzia, ila usiushikilie mno, kwa sababu bundi ni ndege na papo hapo ni wa usiku, naye huonekana akiwa shujaa wa vita na pia katika mambo ya kafara. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa ameleta msiba hatushangai sana. Kulungu ndiye aliyenigusa zaidi: huonyeshwa ameketi kama binadamu, kamba shingoni, sawasawa na mateka wa vita, ilhali kwenye michoro mingine anawindwa na watu waliovaa mavazi ya kifahari yasiyofaa kabisa kukimbizia mnyama. Ukiviona vyombo hivyo viwili pamoja, unaelewa kwamba uwindaji ule haukuwa wa kutafuta kitoweo.

Haya yote niliyaona vizuri zaidi katika ghala kuliko katika kumbi za maonyesho. Ghala hilo liko wazi kwa wageni, na maelfu ya vyombo yamepangwa kwenye kabati za vioo kulingana na maumbo yake: rafu za bundi, rafu za simba-bahari, rafu za popo. Chungu kimoja cha bundi ni pambo zuri tu, lakini bundi walipojaa rafu nzima nilianza kuona ni kipi fundi alilazimika kukifuata na ni kipi alijiamulia mwenyewe.

Mwongozaji niliyemkodi mjini alituharakisha kwenda kwenye dhahabu na kulipita ghala kwa dakika chache, hivyo nililazimika kurudi peke yangu baada ya ziara yake. Maandishi ya ukutani yako katika lugha kadhaa na yanajitosheleza. Nenda bila mwongozaji, uanzie ghalani kabla vikundi vya watalii havijafika. Asiyeweza kusafiri anaweza kufungua orodha ya vyombo yenye picha kwenye tovuti ya makumbusho.