Uzoefu wangu: kamera ya mkononi ya AVCHD kwa taimulapsi ya maji kujaa

Kama una kamera ya mkononi ya video ya zama za AVCHD (muundo wa kurekodi video za HD), ile yenye kioo cha kufungua ubavuni, usiiuze bado. Kwa taimulapsi, yaani video ya masaa mengi iliyobanwa ipite kwa sekunde chache, ina sifa moja ambayo kamera nyingi za picha za wakati wake zilikosa: hairekodi kwa vipande vya nusu saa. Zile nyingine zilikata zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikihesabu kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kuwa kamera ya video, chenye ushuru wake. Ya mkononi inakomea kwenye kadi na umeme tu.

Nimeipima kwa maji kujaa, mashariki ya Unguja. Chagua siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo: maji hukupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni, kwa hiyo safari nzima inaangukia mchana, na kina hupanda zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu usijisumbue, hakuna cha kuona.

Hesabu ya kadi ndiyo inayowaponza wengi. Masaa 6 kwa ubora wa megabiti 24 kwa sekunde ni GB 64.8; kadi ya GB 64 inajaa maji yakiwa bado yanapanda. Shusha hadi megabiti 17 na utatumia GB 45.9. Macho hayaoni tofauti, kwani utabakisha fremu 1 kati ya 360.

Umeme: betri inayokuja na kamera haifiki mbali. Kabla ya kutegemea pawabenki, jaribu nyumbani dakika 20 ukiwa unarekodi, maana baadhi ya kamera hupokea chaji ya USB zikiwa zimezimwa tu. Kama yako ni hivyo, tafuta betri kubwa ya aina yake. Kivuli pia ni lazima. Mwavuli mmoja unatosha, lakini uusimike mbali na stendi usiitikise.

Mipangilio ndiyo yenye uzito kuliko kamera yenyewe. Funga fokasi kwa mkono, funga rangi nyeupe (mizani ya rangi, isibadilike yenyewe), zima kiimarisha picha (kwenye stendi kinahangaika na kuiyumbisha fremu), kisha funga mwanga. Ukiuacha mwanga ujirekebishe wenyewe, kila tanga jeupe la ngalawa likikatiza mbele, picha nzima inazama gizani kisha inarudi. Machweo ni jambo jingine: hapo acha mwanga ujirekebishe, funga rangi peke yake. Tundika mfuko wa mchanga katikati ya stendi, na usichimbe miguu yake mahali maji yatakapofika. Mchanga ukilowa unazama polepole na upeo wa bahari unainama.

Kasoro kubwa ni faili. Kamera huikata rekodi kila inapofika GB 2 au 4, na ukizifungua moja moja unaweza kupoteza fremu kwenye maungio. Nakili folda nzima ya kadi, unganisha faili za MTS (ndizo za video) kwa mpangilio wa namba ziwe faili moja, yote.mts, kisha tumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i yote.mts -vf "yadif,tmix=frames=128,setpts=PTS/360" -r 25 -an maji.mp4

Yadif huondoa mistari ya rekodi ya 50i, ambayo kila fremu imegawanywa katika nusu mbili za mistari inayopishana. Ruka hatua hiyo kama ulirekodi 25p, yaani fremu nzima nzima. Tmix huchanganya fremu jirani, na hapo ndipo mawimbi yanapoacha kurukaruka na kuwa kama ukungu unaotambaa. Inachelewesha kompyuta sana, iache ifanye kazi usiku. Masaa 6 yanatoka sekunde 60.

Mawingu yanataka kasi ndogo zaidi, mara 40 hivi, na kwa kuwa kila kitu kimerekodiwa, unakata dakika 20 unazozitaka kutoka kwenye faili lile lile na kupata sekunde 30 za mawingu.