Kadi ya stempu za Tanganyika: nne safi, ya tano imegandishwa kwa gundi

Bodaboda aliniletea mzigo pale Tanganyika Packers, Kawe. Nchi ilishabadili jina tangu 1964, kituo bado kinaitwa vilevile, nami nimesimama hapo nasubiri stempu zake! Muuzaji ni wa mtandaoni, bei Sh 60,000 kwa stempu tano zilizopangwa kwenye kadi.

Niipendayo ni ya 1922: kichwa cha twiga, hakuna mfalme. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, meno ya ukingoni mwa karatasi yote yapo na muhuri wa posta umegusa pembe tu. Wakati huo Waingereza walikuwa na miaka miwili tu tangu waiite nchi hii Tanganyika. Wajerumani waliiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ya 1927 ina Mfalme George wa Tano na maneno marefu ya kuonyesha kwamba tulikuwa chini ya udhamini. Ya tatu, ile ya pamoja na Kenya na Uganda, ni ya kawaida, hata marehemu babu alikuwa nazo kwenye kopo la biskuti. Ya nne ni ya Uhuru, 1961, rangi haijapauka.

Karatasi ya maelezo ndiyo imenichekesha. Inasema Waingereza waliunganisha "tanga" na "nyika" wakapata jina la nchi. Babu naye alikuwa akisema hivyohivyo, na sikumbishia, mzee ni mzee. Lakini kaka muuzaji, jina walilichukua ziwani. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji 1858 ziwa lilishakuwa na jina lake, na Waingereza walikuwa bado hawajatawala hapa. Maana yake hasa watu wanabishania mpaka leo, basi ungeandika hivyo.

Sasa kilio changu. Stempu ya tano ni ya Julai 1964, imeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina hilo lilidumu kuanzia 26 Aprili hadi mwisho wa Oktoba, likaja Tanzania. Kwa ajili yake ndiyo nilitoa hela. Nne zimewekwa kwenye vijaladio vya plastiki, hii imepakwa gundi ya shuleni mgongo mzima! Nimeiloweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika ishirini, ikatoka na ukoko wa kadi.

Nimemwandikia. Kanijibu, "Pole dada, mbele inaonekana vizuri."

Nyota tatu, zote za twiga.