Tisheti za kumbukumbu ya shangazi, fundi wa Kariakoo namuachia nyota nne

Naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kuprinti tisheti za kumbukumbu ya mwaka ya shangazi yangu kila rivyuu niliyokuta ni ya kampeni na sendofu, za msiba hakuna anayesema ukweli, nadhani watu wanaona haya.

Tulianzia sehemu nyingine kabisa, sitaitaja. Walituletea sampuli tukabaki tunatazamana. Shangazi kawekewa nywele jamani! Uso umesafishwa mpaka mikunjo yote imeisha, nyuma mawingu na njiwa, pembeni utepe wa pinki eti kwa vile alikuwa na saratani ya titi. Mwanamke mzuri tu ila hatumjui, sisi tuliyemuuguza miaka mitatu ni mwingine.

Picha tuliyopeleka ni ya Novemba 2023. Yanga kampiga Simba 5-1 tarehe 5, na shangazi alikuwa katikati ya dripu za kemo zile za kila baada ya wiki tatu, kichwa kipara hata nyusi hana, kucha zimekuwa nyeusi, jezi yake ya zamani inampwaya mabegani, kanyoosha vidole vitano kwenye kamera na anacheka kinoma. Anamcheka baba yangu, ambaye ni kaka yake na ni Simba damu. Kesho yake alitapika kutwa nzima halafu jioni akampigia simu, "kaka, eti tano ni ngapi?" Ndo alivyokuwa. Alipofika kwenye mionzi pale Ocean Road wakamchora zile alama kifuani wakamwambia asizisugue akioga, yeye akawa anatuonyesha, hapa kona, hapa penati, mjihadhari msinikanyagie uwanja. Na msidhani alikuwa haogopi, usiku tulikuwa tunamsikia analia, ila asubuhi ukimuuliza shangazi umeamkaje anakujibu "nipo sana".

Sasa huyu kaka wa Kariakoo, kaduka kadogo ghorofani unapandia ngazi za nje, aliangalia picha kwenye simu akauliza "mama alikuwa Mwananchi?" yaani Yanga, tukasema ndio, akauliza tena "na kichwa nakiacha hivi hivi?" tukasema hivi hivi. Basi, hakugusa kitu, aliongeza mwanga kidogo tu maana ilipigwa usiku. Kwa hilo peke yake ningempa tano zote.

Kazi yenyewe: tulitaka tisheti za kijani za koton, akatuambia sablimesheni, ile ya wino kuingia kwenye kitambaa kwa joto, haifai hapo maana inataka poliesta ya rangi nyeupe au ya kufifia, na kuprinti kwa skrini, rangi moja moja, kungeua sura kwa picha kama ile, kwa hiyo tukaenda na DTF, ile ya picha kuprintiwa kwenye karatasi ya plastiki kisha inabandikwa kwa mashine ya joto. Mbele picha, nyuma maandishi ya njano NIPO SANA. Hakuna mabawa, hakuna mshumaa. Logo ya timu hakuweka na sisi hatukuitaka, rangi zinajitosheleza. 15,000 moja pamoja na tisheti, kitambaa kizito hakionyeshi ndani, hapo sina la kusema.

Nyota moja nimeikata hivi: aliahidi Alhamisi tukazipata Ijumaa usiku na misa ni Jumamosi asubuhi, mama alishaanza kuongea peke yake jikoni. Halafu saizi za XXL zilikuja pungufu, wajomba wawili wakapiga picha wamevuta tumbo ndani. Baba yeye saizi yake ilikuwepo, akaivaa hiyo kijani mbele za watu kutoka kanisani mpaka nyumbani, na wenzake wa tawini hawajamsamehe mpaka sasa.

Baada ya kufuliwa mara kadhaa picha bado iko safi. Iliyoharibika ni moja tu, ya mdogo wangu, kapiga pasi juu ya maandishi wakati fundi alishasema igeuzwe ndani nje.

Ukienda, oda yako ipeleke mapema kuliko anavyokwambia na saizi zihesabu palepale dukani. Picha usimtumie kama picha ya kawaida ya WhatsApp, inafika imeminywa, itume kama dokumenti au mpelekee simu yenyewe. Akikuuliza kama arekebishe sura mwambie hapana.