Vumbi kwenye sensa ya kamera: ulifyonze, au umpe fundi afungue?

Piga picha ya anga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Ukiona kidoa cheusi mahali palepale katika kila picha, kisha kikafifia ukirudi f/2.8, tundu likiwa kubwa, hilo ni vumbi juu ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Kwenye kamera ndogo ambayo lenzi yake haiondolewi, huwezi kulifikia kwa brashi. Lenzi inayoingia na kutoka huvuta hewa kama pampu, na vumbi huja nayo.

Wengi huanza na mashine ya kufyonza vumbi. Mdomo wake husogezwa karibu na lenzi kwa nguvu ndogo, huku kamera ikiwashwa na kuzimwa mara kadhaa. Haigharimu kitu, na punje kavu mara nyingine hutoka. Lakini mvuto huohuo unaweza kuhamisha doa kutoka pembeni hadi katikati. Mimi imenitokea, na iliniuma sana.

Fundi huifikia sensa yenyewe, akaondoa hata uchafu ulioganda. Utalipa, na waranti inaweza kupotea asipokuwa fundi aliyeidhinishwa. Usijaribu kufungua mwenyewe, tafadhali: kapasita ya flashi, yaani kifaa kinachoihifadhia umeme, inaweza kubaki na umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Doa moja dogo nalifuta kwenye kompyuta. Yakifika matatu au manne angani, kamera inakwenda kwa fundi. Mashine ya kufyonza siisogezi tena karibu na lenzi yangu.