Kaspersky kwenye kompyuta yangu: naisifu, na nimeiondoa

Hukumu kwanza, kwa wasiopenda kusoma marefu: Kaspersky ni miongoni mwa antivirusi (programu za kukinga kompyuta na virusi) bora nilizowahi kutumia, siamini kwamba ilinipeleleza, na nimeiondoa. Mambo hayo matatu yanakaa pamoja vizuri tu, ila yanahitaji maelezo.

Nianze na sifa, maana wengi wanaoiponda hawajawahi hata kuifungua. Kompyuta yangu hupokea flashi za kila mtu, na anayezijua flashi zinazopita mikononi mwa watu anavijua pia virusi vile vinavyogeuza folda zote kuwa shotikati. Kaspersky ilikuwa ikivinasa pale tu flashi inapochomekwa, kabla sijagusa kitu. Haikunipigia kelele kila saa, haikuning'ang'ania ninunue toleo kubwa zaidi, na kompyuta haikuwa nzito kama ilivyokuwa na antivirusi niliyokuwa nayo kabla yake, ambayo sitaitaja jina. Maabara huru za upimaji kama AV-Test ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria zimekuwa zikiipa alama za juu mara nyingi, na nilichokiona mimi kinalingana na walichokiona wao.

Tatizo ni Urusi. Kampuni ilianzishwa Moscow mwaka 1997, na Eugene Kaspersky mwenyewe alisoma katika chuo kilichokuwa chini ya KGB, shirika la ujasusi la Kisovyeti. Kwa wengi hilo linamaliza mjadala. Kwangu halikutosha: kijana wa Kisovyeti wa miaka ya 1980 aliyetaka kusomea hesabu za usimbaji, yaani za kuficha ujumbe, hakuwa na milango mingi ya kubisha. Lisemwalo lipo, wanasema, lakini kwenye mambo ya ujasusi lisemwalo mara nyingi lipo kwa sababu kuna mtu amelipwa kulisema.

Kilichonifanya nianze kusoma kwa makini ni Septemba 2017, wizara ya usalama wa ndani ya Marekani ilipoziamuru idara za serikali kuu zitafute ilipo Kaspersky kwenye mifumo yao na zianze kuing'oa baada ya siku 90. Mwezi uliofuata magazeti ya huko yakasimulia kisa kizima. Mtu wa NSA, shirika la ujasusi la Marekani, alibeba zana za siri za udukuzi akaziweka kwenye kompyuta ya nyumbani, kompyuta hiyo ilikuwa na Kaspersky, na zana hizo zikaishia mikononi mwa Warusi. Waliowatonya Wamarekani, kwa mujibu wa taarifa hizo, ni Waisraeli, ambao nao walikuwa wamejipenyeza ndani ya mtandao wa Kaspersky. Jasusi anamchungulia jasusi anayemchungulia jasusi.

Kampuni ilijitetea kwa maelezo ambayo nimeyasoma zaidi ya mara moja kwa kuwa yana utamu wake. Walisema tukio ni la mwaka 2014. Antivirusi ilikuta programu hasidi kwenye kompyuta hiyo ikatuma faili kwa uchunguzi, kama ilivyoundwa kufanya. Mchambuzi alipolifungua akakuta ni zana za kijasusi pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, akamjulisha mkuu wake, na amri ikatoka lifutwe. Wakaongeza kwamba mwenye kompyuta alikuwa ameizima antivirusi kwa muda ili aweke Microsoft Office ya kukraki, na kwenye hiyo kraki akabeba virusi vingine. Yaani mtu anatunza siri za taifa tajiri kuliko yote duniani, na Office yake ni ya wizi. Hapo nilicheka peke yangu.

Nani mkweli? Ushahidi wa kumaliza ubishi haukuwekwa hadharani. Ila ukiyasoma maelezo ya pande zote mbili utaona yanakubaliana kwenye jambo moja: faili lilitoka kwenye kompyuta ya mtu likafika kwenye seva za kampuni, na programu ilikuwa inafanya kazi yake ya kawaida. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kama Kaspersky ni wapelelezi, nikaanza kuuliza antivirusi yoyote ile inaweza kufanya nini.

Inaweza kufanya karibu kila kitu. Inakaa kwenye keneli, ndani kabisa ya mfumo, ikiwa na ruhusa kuliko wewe mwenyewe. Inasoma kila faili linalofunguliwa. Baadhi huweka cheti chao, yaani hati ya kidijitali ambayo brauza huiamini, kwenye kompyuta ili waweze kusoma hata kurasa zinazosafiri zikiwa zimefungwa kwa https. Inapokea maelekezo mapya kutoka makao makuu mara nyingi kwa siku bila kukuuliza, na ikitilia shaka faili inaweza kulituma kwao. Ukitaka kujua ukubwa wa mamlaka hayo, kumbuka Julai 19, 2024: apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, iliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Hakukuwa na mdukuzi wala nia mbaya.

Kwa haki yao, Kaspersky walijitahidi kuliko wengi. Ile huduma yao ya kukusanya taarifa, KSN, wanakuomba ukubali kwanza na unaweza kuizima baadaye. Mimi niliizima. Kuanzia 2018 walianza kuhamishia Zurich uchakataji wa data za wateja wa Ulaya na baadhi ya nchi nyingine, na wakafungua kituo ambapo wakaguzi wanaruhusiwa kuupitia msimbo wa programu zao. Lakini seva kuwa Uswisi hakubadilishi sheria inayowabana watu wanaoandika programu wakiwa Urusi. Taasisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, ilipotoa onyo Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, haikudai imegundua mlango wa siri ndani ya programu. Ilisema kampuni ya Urusi inaweza kulazimishwa, au kutumiwa bila kujua. Hoja hiyo sikuweza kuijibu, na bado siwezi.

Msidhani basi nimehamia kwa Wamarekani kwa mapenzi. Nyaraka za Edward Snowden, yule aliyefichua siri za NSA, zilizochapishwa 2015 zilionyesha kwamba NSA na wenzao wa Uingereza, GCHQ, walikuwa wakizichambua antivirusi za nje ili wazipenye. Na kwa mtu asiye na siri za taifa, kisa cha Avast kinatisha kuliko chochote cha Urusi. Avast ilianzia Cheki, na toleo lake la bure lilipendwa na mamilioni ya watu. Januari 2020 ikafichuka kwamba kupitia kampuni tanzu iitwayo Jumpshot walikuwa wakiuza historia za watu za kutembelea tovuti. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawadai dola milioni 16.5. Tumekaa tukimwogopa jasusi wa Moscow, kumbe historia ya brauza inauzwa sokoni. Ndiyo maana antivirusi ya bure kutoka kampuni isiyo na chanzo kingine cha mapato siiweki tena, iwe inatoka nchi gani.

Kilichonikatisha tamaa na Kaspersky, hatimaye, kilitokea baada ya marufuku ya Juni 2024. Marekani ilizuia mauzo mapya kuanzia Julai 20 na apdeti kuanzia Septemba 29. Kabla ya tarehe hiyo, watumiaji wa Marekani waliwasha kompyuta wakakuta Kaspersky imejifuta na mahali pake imekaa programu nyingine, UltraAV. Kampuni ilisema ililenga wateja wasibaki bila ulinzi, na ilikuwa imewaandikia barua pepe. Lakini wengi walilalamika kwamba hawakuelewa programu ingejibadilisha yenyewe. Mimi haikunigusa, siko Marekani. Ila ilionyesha waziwazi kwamba walioko makao makuu wakiamua, mashine yako inapokea programu ambayo hukuichagua.

Sasa natumia Defender, antivirusi ya Microsoft inayokuja na Windows. Sababu yangu ni kavu: Microsoft tayari ndio wenye mfumo mzima. Nikiwa siwaamini, antivirusi ya mtu mwingine haitanikinga nao. Nikiwa nawaamini kiasi, sina haja ya kumpa mtu wa pili ruhusa ileile. Kwenye mipangilio nimezima utumaji wa moja kwa moja wa sampuli, yaani faili zinazotiliwa shaka, hivyo inaniuliza kwanza. Kwa flashi, sijaona inazidiwa sana, ingawa inachelewa kidogo na skani yake kamili huchosha kompyuta ya zamani.

Kama unafanya kazi serikalini, kwenye habari za uchunguzi au mahali penye maadui wenye nguvu, usiongozwe na maoni yangu. Fuata watu wa usalama wa ofisi yako. Kwa mtu wa kawaida mwenye leseni ya Kaspersky ambayo haijaisha, sioni haja ya kukurupuka. Ukiamua kuiondoa, ifute kwa njia ya kawaida ya Windows, na mabaki yakigoma tumia kifutio chao wenyewe kiitwacho kavremover. Washa upya, kisha ingia Windows Security uhakikishe Defender imeamka, kwa sababu hujizima yenyewe ikikuta antivirusi nyingine.