Ukingo wa mto unaomeguka: mawe au mimea?

Ukingo ukianza kumeguka, wengi hukimbilia mawe. Hupangwa mteremkoni juu ya kitambaa cha kuchuja, na kazi ikiisha tu, ukingo umeshika. Penye daraja au nyumba iliyo karibu na maji, sina ubishi: weka mawe.

Ila samaki ndio wanaoumia. Mawe hayatoi kivuli, kwa hiyo maji hupata joto, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Nguvu ya mkondo nayo haipotei. Mara nyingi huenda kula ukingo wa jirani huko chini.

Njia ya pili ni kupanda vipandikizi vya mierebi au miti mingine inayochipua kwa urahisi, pamoja na magogo yaliyofukiwa ukingoni, mizizi yake ikielekea mtoni. Chungulia nyuma ya gogo kama hilo: maji yametulia, pamechimbika kidimbwi, na vifaranga vya samaki vimejibanza humo vikisubiri wadudu wanaodondoka kutoka majanini. Mizizi ya vipandikizi huzidi kushika udongo mwaka hadi mwaka.

Udhaifu wake ni misimu ya mwanzo. Mafuriko yakija kabla mizizi haijashika, vyote husombwa. Mifugo ikiingia, hakibaki kitu. Weka uzio.

Mimi ningechagua mimea popote inapowezekana, na mawe machache chini kabisa, kwenye kitako cha ukingo, ambako mkondo huchimba zaidi. Na kazi yoyote ndani ya maji isubiri samaki wamalize kutaga na mayai yaanguliwe.